Majivu Kuzunguka Mihogo

Harufu ya mihogo iliyolowekwa ikinifikia sokoni, hata leo, macho yangu hushuka chini kutafuta nyayo.

Kwetu tulikuwa na shamba dogo na farasi mfupi wa kubeba maji. Mihogo tuliyoanika uani ilikuwa inapungua kila usiku, basi jioni moja mama akamwaga majivu kuzunguka mkeka. Asubuhi, nilipotoka kufagia, nikaona alama za buti za baba, zile za kazi ya reli, zikielekea barabarani. Mama akaninyang'anya ufagio, akazifuta zote, kisha akasema kwa sauti, baba asikie mule ndani:

"Mwizi njo farasi. Wende umufunge."

Nikaenda. Nilimkuta amefungwa tayari, kwa fundo langu la jana, kamba imelowa umande.