Amida na gunia la kufunga midomo

Saa nne asubuhi, gari jeupe la serikali linasimama mbele ya nyumba moja ya matofali katika mtaa wa Katuba. Dereva anateremsha gunia la unga, galoni ya mafuta na kifurushi cha samaki wa chumvi, huku majirani wakichungulia. Nyuma ya gunia anaingia Constantin, mkuu wa utumishi, ndani ya suti ya buluu. Nyuma yake anafuata Amida Kasimu, mwenye kitambaa cha kijani kichwani na uso usiotaka mzaha.

Ndani, Mwansa ameketi juu ya godoro. Mikono yake yote miwili imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Pembeni yake yupo mkewe, Julienne, na mjomba wake mzee, papa Kalaba.

Constantin anatoa pole kwa sauti ya msibani. Anasema idara ni familia moja, na familia haiwasahau watoto wake. Anapomaliza, papa Kalaba anainua viganja, tayari kupiga makofi ya shukrani kama desturi inavyotaka.

"Papa, pardon," Amida anamkatiza. "Musipige makofi kwanza."

Constantin anamkodolea macho.

"Huu unga ni wa pole," Amida anaendelea. "Mupokee, mupike bukari, batoto bakule. Lakini mambo ya accident iko na njia yake, na ile njia tutaifwata. Kama munapiga makofi, mupige juu ya unga tu."

Asiyeifahamu desturi hii anaweza kushangaa makofi yana ubaya gani. Katika nyumba nyingi za hapa, aliyepiga makofi amepokea, na aliyepokea amekubali yaishe. Kutoka hapo na kwenda kumshtaki aliyekuletea chakula ni kukosa adabu mbele ya ukoo mzima. Wakubwa wa idara hii wanalijua hilo vizuri kuliko wanavyoijua sheria ya kazi.

Amida ana miaka hamsini na mmoja. Alizaliwa Kamalondo, mtaa mwingine wa mji huuhuu, binti wa fundi cherehani ambaye wazazi wake walitoka Kasongo, huko Maniema. Kwa miaka kumi na tisa amefanya kazi katika ofisi ya mahusiano ya kazi ya idara moja ya serikali inayotunza barabara. Kazi yake ni kusikiliza malalamiko ya wafanyakazi, kukaa kati ya wajumbe wao na wakubwa, na kuimaliza migogoro kabla haijafika kwa mkaguzi wa kazi.

"Batumikaji banasema niko wa bachef, na bachef banasema niko wa batumikaji," anasema, akicheka bila furaha. "Bandugu kule nyumbani bao banaona bureau na ventilateur inanipepea, banawaza kazi yangu ni kuvaa muzuri."

Kilichomfikisha Katuba asubuhi ile kilitokea mwezi wa pili, kwenye barabara ya kuelekea Luano. Mpini wa pipa la kuchemshia lami ulikuwa umevunjika tangu mwaka jana. Msimamizi aliomba mwingine, akaambiwa asubiri. Wafanyakazi wakawa wanalinyanyua kwa waya, bila glavu.

"Tulikuwa bantu bane," anasimulia Mwansa. "Waya ikakatika ku upande yangu. Lami yote ikaniangukia ku mikono. Ile kilio, hata mi mwenyewe sikujua kama ni mi njo niko nalia."

Daktari amemwambia huenda vidole vya mkono wa kulia visikunje tena. Ana miaka thelathini na minne, na tangu ujana wake amekula kwa sepetu.

Ajali ikiandikwa kuwa ya kazini, idara inalazimika kuitangaza, kumtibu, na kumfungulia njia ya pensheni kama mkono hautapona. Isipoandikwa hivyo, Mwansa amebaki na gunia la unga. Hilo ndilo linalogombaniwa, wala si kingine.

Na idara imesemaje? Imesema kwamba siku ile Mwansa hakuwa kazini. Alipita tu kuwasalimia wenzake.

Msomaji na arudie kusoma maneno hayo. Eti mtu mzima ametoka Katuba, amevuka mji mzima kwenye jua, ili akawajulie hali rafiki zake kando ya pipa la lami inayochemka. Na alipofika, akaona vema alishike. Watu waliosoma, wenye mihuri mezani, wamekaa kikao wakakubaliana kusema hivyo, na hakuna hata mmoja aliyeona haya.

Si mara ya kwanza. Katika miaka mitatu iliyopita, Amida amepokea malalamiko ya majeruhi kumi na wawili. Tisa kati ya hayo yaliishia kwenye unga na makofi.

"Banatumia heshima ya bantu kubafunga kinywa," anasema, na sasa hacheki. "Pole ni kitu ya muzuri. Mi nimelelewa mu pole. Kuigeuza kamba ya kumufunga mugonjwa, ile inaniletea kasirani mpaka sipate usingizi."

Julienne anakiri kwamba, Amida alipomzuia mzee, yeye alitamani ardhi ipasuke. "Niliwaza, huyu mama anatuharibishia," anasema. "Tukibakasirisha, kesho nani atatukumbuka?"

Lakini papa Kalaba alishusha viganja polepole, akaviweka magotini, akamgeukia mkuu wa utumishi.

"Chef," aliuliza, "mutoto yangu alikuwa ku kazi, ao hakukuwa?"

Constantin alitazama saa yake, akasema ana mkutano, akatoka. Gunia lilibaki, na jioni ile watoto walikula.

Kesho yake Amida aliitwa kwa mkurugenzi. Anasema aliambiwa alitumwa kupeleka pole, hakutumwa kufanya usindika, yaani kuwatetea wafanyakazi kama mtu wa chama chao. Kabla ya wiki kuisha, amri ya uhamisho ilitoka: kuanzia mwezi ujao atahudumu Lukafu, kijijini, ambako idara ina chumba kimoja na mlinzi.

Kabla ya kuondoka, kuna Jumatatu. Siku hiyo Mwansa na idara watakutana mbele ya mkaguzi wa kazi, na kwa cheo chake Amida ndiye atakayekaa upande wa idara. Swali la kwanza linajulikana: je, siku ya ajali Mwansa alikuwa zamuni? Wakubwa wameshamwelekeza cha kujibu.

"Nitakaa ku kiti yabo, juu ni kazi yangu," anasema, akikaza fundo la kitambaa chake. "Bakiniuliza, nitajibu: ndiyo, alikuwa ku kazi, ni siye tulimutuma."

Na Lukafu je?

"Nitaenda. Lukafu nako kuko barabara, na ile barabara inatengenezwaka na bantu. Bantu ba kule nao beko na mikono."