Siri ya Marehemu, Uhai wa Jirani

Habari za kifo cha rafiki yangu zilinikuta nikiwa Suneka asubuhi, na chai ikanishinda. Alikuwa tabibu katika kituo cha afya upande wa Nyamarambe, mtu mkavu asiyecheka ovyo. Miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kuniambia mgonjwa wake anaumwa nini. Ukimchokoza, anakujibu, "Muulize mwenyewe." Iliniudhi sana, maana sisi waandishi tunaishi kwa midomo ya wengine.

Mara moja tu aliivunja kanuni hiyo, nami nilikuwepo. Tulikuwa tumetoka kumzika kijana aliyekonda hadi akafa. Waombolezaji hawajatawanyika, vijana wakaizingira nyumba ya bibi kizee wa jirani wakidai ndiye aliyemroga, wakaufunga mlango kwa nje naye yumo ndani. Mmoja alishika mtungi wa petroli. Tabibu akaenda kusimama mlangoni. "Yule tuliyemzika nilimtibu mimi. Hakurogwa." Mwenye mtungi akamwambia, "Basi sema alikuwa na nini, daktari. Kama huwezi kusema, toka hapo." Tabibu akamtazama mjane wa yule kijana, naye mjane akatikisa kichwa kumkataza. Petroli ilikwisha kumwagwa ukutani, nami nilikuwa kando na wanaume wengine. Ndipo akasema, "Alikuwa na ukimwi. Aliacha dawa." Wakaondoka mmoja mmoja, hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Bibi alipona, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Sokoni watu walizipita ndizi za mjane kana kwamba zimeoza, mpaka akahama na watoto wake. Tabibu alisimamishwa kazi. Nami, katika safu hii hii, niliandika kwamba siri ya mgonjwa haivunjwi kwa sababu yoyote. Alinipigia simu. "Umeandika vizuri, ndugu yangu. Lakini ulikuwa pale. Mbona hukusema neno?" Naona aibu hadi leo.

Bado nayatetea maadili ya kazi. Bila hayo, nani huku kwetu angemfungulia daktari aibu yake? Angekufa nayo nyumbani. Ila kanuni hukabidhiwa mtu mmoja, kisha tunamtazama aibebe peke yake mbele ya kundi lenye hasira. Tabibu hakujisifu kamwe. Alikwenda mara kwa mara kumwomba mjane msamaha, na hakusamehewa. Simlaumu mjane. Najilaumu mimi na wanaume wenzangu wote tuliosimama kando siku ile, kwa sababu kama tungekwenda kusimama na tabibu mlangoni, yule kijana tuliyemzika angelala kaburini na siri yake.