Mkono Ndani ya Kiatu

Fundi viatu wa kwenye kona yetu hasemi sana. Mdomo wake kazi yake ni kushikilia misumari. Kiatu kikishapona, hukitia mkono mpaka kwenye ncha, akapapasa huku amefumba macho, kama anayetafuta mbegu ndani ya boga. Siku moja akatoa msumari kwenye kiatu changu, una damu kavu. "Bibi, hukuusikia huu?" Nikamwambia nyayo zangu ni za tembo, nyoka aliwahi kuniuma akafa yeye. Wateja wakacheka. Yeye akapiga goti mbele ya mguu wangu mtupu, akaniambia nitazame pembeni. "Haya, nimekugusa wapi?"

"Kidole gumba," nikajibu upesi.

"Bado sijakugusa, bibi."

Akafunga kibanda mchana kweupe, akanishika mkono mpaka zahanati. Huko wakakuta sukari imepanda, presha nayo iko juu, na chini ya unyayo kidonda kimeanza kuchimba. Mguu ninao mpaka leo. Kila asubuhi nikiuosha na kuukagua, namwombea fundi kwanza, ndipo wanangu. Wakitaka kununa, wanune.