Msuli wa Dobi

Mtaani kwetu dobi hana jina jingine. Hata mkewe humwita Dobi akikasirika, na Baba Watoto akitaka kitu. Kibanda chake kina meza iliyofunikwa blanketi lililoungua kila kona, ndoo ya wanga, na pasi ya makaa ambayo wateja wakijaribu kuiinua huirudisha upesi, wakajifanya walikuwa wanaitazama tu. Dobi ameishika kwa mkono wa kulia tangu ujana. Mkono huo aliupenda kuliko watoto wake, maana watoto, alisema, hujibu.

Kisha akateleza kwenye maji ya sabuni yake mwenyewe, mfupa wa mkono huo, juu ya kiwiko, ukavunjika. Plasta ilipoondolewa, aliutazama mkono uliotoka ndani kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Ulikuwa mwembamba, umenyauka. Daktari akamkataza kugusa pasi mpaka misuli ipimwe.

Meza ikashikwa na shemeji, mdogo wa mkewe. Shemeji ana moyo mzuri na mkono mzito. Kola ziliungua, na suruali zilitoka na mistari miwili kama reli. Wateja wakaanza kupitia njia ya nyuma. Dobi akajua kwamba mkono usiporudi, kibanda kitakuwa cha shemeji au hakitakuwa cha mtu, naye atabaki mzee wa kukaa mlangoni akisema karibuni.

Kipimo chenyewe kilikuwa altrasaundi, na hapo mtaa ukapata la kusema. Dobi alikaa kwenye benchi katikati ya wajawazito, mmoja akamsogezea nafasi kwa huruma. Jioni shemeji akamuuliza kama ni wa kike au wa kiume.

Mpimaji alikuwa binti mwenye subira. Alimweleza kwamba picha itaonyesha unene wa misuli, kisha yeye Dobi atabana kifaa cha kupima nguvu, mkono wa kulia ulinganishwe na wa kushoto, kwa sababu unene na nguvu havirudi kwa mwendo mmoja. Dobi hakusikia hata nusu. Ute wa baridi aliopakwa mkononi ulimkakamaza mpaka meno. Binti akaahirisha.

"Baba, msuli wako umekaza sana," akasema. "Juma lijalo uje umelegea, ndipo nipate picha ya kuaminika."

Dobi akajitazama kiunoni. Tangu avunjike alishindwa kufunga mkanda wa suruali, kwa hiyo alivaa msuli, ile shuka ya kujifunga kiunoni, na aliyemfunga ni mkewe, kwa fundo la mzigo wa kusafiri. Tena ulikuwa na wanga. Aliona aibu kwamba hata mashine imeliona fundo.

Sisi tuliosoma tunapiga kelele kila siku kwamba hospitali ziseme na watu kwa lugha yao, na bado nitapiga. Ila siku ile ilisemwa lugha yao, safi kabisa, na ndiyo iliyoleta balaa.

Mke alipoambiwa, aliweka sufuria chini. Alitaka kujua binti wa watu ana shughuli gani na msuli wa mumewe, na kwa nini autake umelegea. Dobi akajitetea kuwa ni mambo ya kitaalamu. Juma zima akafanya mazoezi ya kulegea: alitembea uani, msuli hauna fundo, ameushikilia kwa mkono wa kulia usidondoke. Siku ya kipimo mke akavaa viatu, akasema anakwenda naye.

Binti alimkalisha, akamwomba aulaze mkono juu ya mto. Mkono haukutoka kiunoni.

"Achia, baba."

"Nikiachia, mwanangu, tutaaibika wote."

"Si wewe uliyetaka msuli ulegee?" mke akauliza kutoka mlangoni. "Basi ndio huo."

 Binti akatazama nguo, akatazama fundo lisilokuwepo, kisha akagusa mkono wake mwenyewe juu ya kiwiko. "Mama, nilisema msuli huu."

Aliyecheka kwanza ni mke, mpaka benchi la nje likachungulia. Kisha akasimama nyuma ya mumewe, akaushika msuli wa nguo kwa mikono miwili, na msuli wa nyama ukalala juu ya mto, laini kama haujawahi kufanya kazi.

Picha ikatoka. Wa kulia ulikuwa bado mwembamba kuliko wa kushoto. Lakini Dobi alipobana kile kifaa, mshale ulikaribia kabisa pale ulipofika kwa mkono wa kushoto. Binti akauliza amefanya mazoezi gani.

"Kushikilia msuli," Dobi akajibu.

Hilo binti hakuliandika, wala hakulikanusha. Alimruhusu kurudi mezani: mashati tu kwanza, na pasi ndogo. Suruali zibaki kwa shemeji hadi kipimo kijacho.

Mkono ule umevisha ofisi nzima nguo safi, na ulisubiri uvunjike ndipo mtu aupime. Mimi hilo linaniuma. Dobi halimuumi. Aliomba picha yake kama walivyopewa wajawazito, akaibandika juu ya meza. Mke alilitazama sana lile wingu la kijivu, akasema limefanana na baba yake.

Nguo ya kwanza aliyoinyoosha ilikuwa ule msuli. Aliutia wanga mara mbili, shemeji akishika ndoo, akauvaa, akajifunga mwenyewe.

"Sasa umekaza," akamwambia mkewe.