Meseji Zilizorudi kwa Mwenyewe

Mimi sisamehi upesi. Mama yangu, mkulima wa korosho huko Miteja, husema nimemrithi bibi, na sioni aibu.

Nikiwa kazini Lindi, nilitengeneza programu ya kuwatumia wakulima meseji mzigo wao unapopokelewa ghalani. Niliitengeneza peke yangu. Bosi alikuwa akipita tu kuuliza kama imeisha. Walipokuja wageni kutoka Dar, akaifungua kwenye kompyuta yake akasema, "Hii ndiyo kazi yangu." Kisha akanigeukia: "Dada, tuletee chai." Nikaleta, na sukari nikaweka. Lakini moyoni nilishamfungulia kesi.

Programu ile ilitakiwa ijengwe kwanza, yaani maandishi yangu yageuzwe kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha. Kazi hiyo hufanywa na skripti, orodha za maagizo kwa kompyuta: moja kubwa inayoziita ndogo. Unaiambia ile kubwa kama unataka programu ya kazi au ya majaribio, nayo inazipelekea ndogo neno hilo. Ni kama posa: mshenga asipofikisha ujumbe, huku wanapika pilau, kule wamelala. Zile ndogo zisipoambiwa kitu hujenga ya majaribio, ambayo meseji zake zote huja kwenye simu yangu, tusije tukawasumbua wakulima bure.

Wiki ya mkutano mkubwa wa wakulima, bosi aliingia kwenye skripti kufuta jina langu. Nilikuwa nimeliandika juu kidogo ya mstari unaopeleka lile neno. Akafuta jina, akafuta na mstari. Niliona siku ileile, na kuurudisha ilikuwa kazi ndogo sana. Nikafunga kompyuta, nikaenda zangu kunywa supu ya pweza. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi sikuwa na haraka ya kumshika mkono.

Mkutanoni wakulima walijaa, mama akiwa katikati yao. Siku hiyo viongozi wa vyama vya ushirika wangeamua nani akabidhiwe mfumo wote. Mimi niliwekwa nyuma, kwenye birika. Bosi akaandika kwamba anataka programu ya kazi, akaijenga mbele ya macho yao, akabonyeza.

"Simu zenu zitalia sasa hivi," akasema.

Hakuna iliyolia. Mzee mmoja akaigonga simu yake kwenye goti.

Kisha ikalia yangu. Ikalia tena, na tena, mpaka ukumbi mzima ukageuka. Roho yangu ilikuwa kwatu.

"Binti, hiyo simu ina nini?" akauliza mwenyekiti wa mkutano.

"Shikamoo, mzee. Ni meseji zenu."

"Marahaba. Mbona zimekuja kwako?"

"Zisipoelekezwa pa kwenda, zinarudi kwa aliyeitengeneza programu."

Mama akacheka kwa sauti, peke yake. Bosi akanijia jasho likimtoka. "Dada, tafadhali, njoo urekebishe."

"Kunywa chai kwanza, bosi," nikamwambia. Nikammiminia kikombe, nikamkabidhi, nikaenda kukaa kwenye kiti chake. Nikaurudisha mstari, na jina langu juu yake kwa herufi kubwa, nikajenga upya.

Simu zikaanza kulia ukumbi mzima. Mwenyekiti akaniuliza mimi tuanze na kijiji gani. Nikasema Miteja. Bosi alikuwa bado amesimama na kikombe mkononi, hajui akiweke wapi.