Kisu Kilichopigwa Tupa

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kila nikimwona mtu na kisu cha kukunja. Hebu acha kwanza kufunga mzigo. Gari la Mikumi litakuja, na likikuacha litakuja jingine. Roho yangu haitulii tangu nione kisu ulichonunua cha kumenyea miwa ya biashara.

Nilikuwa msichana wa umri wako, nauza miwa ya Ruaha hapo hapo Mikumi mabasi yanaposimama. Mjomba wangu Mrisho, mwenye bucha Kilosa, alinipa kisu cha kukunja kizuri, chenye kifungio cha kushika makali yakishafunguka. Mimi nikakiona kigumu! Kukikunja mpaka ubonyeze kifungio kwa nguvu, na abiria wanapiga kelele dirishani, "Dada, miwa, gari inaondoka!" Nikakipeleka kwa fundi baiskeli, akakipiga tupa kifungio mpaka kikalainika. Nikafurahi, mjinga mimi.

Mjomba akaja kunijulia hali. "Shikamoo mjomba." "Marahaba," na jicho liko kwenye kisu. Akakifungua, akakandamiza mgongo wa makali kwenye ubao wa meza. Kikajikunja.

"Nani kakiharibu hiki?"

"Nimekilainisha tu, mjomba. Wateja hawangoji."

"Na vidole je, vikikatika vinaota?" Akaniachia kisu chake cha buchani, kisichokunjwa, ndani ya ala ya ngozi. Nikaitikia, ndiyo mjomba. Alipogeuka tu, nikarudia changu. Cha kwake nilikionea aibu, utadhani nakwenda kuchinja ng'ombe!

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kesho yake dereva akapiga honi, nikachomeka ncha kwenye fundo la muwa nipasue. Fundo likagoma, nikasukuma. Loo! Makali yakarudi vidoleni mwangu. Na mimi, mwanangu, nilikuwa msusi. Wanawake walinifuata kutoka Masanze, wakisema mkono wangu hauumizi kichwa. Tazama kidole hiki cha shahada. Kilishonwa, kikapona, lakini hakikunjiki. Sikusuka tena, na jambo hilo linaniuma mpaka leo, nisikudanganye.

Sasa nisikilize, na usiangalie barabarani, honi utaisikia tu. Kisu cha kukunja kisicho na kifungio usikiguse. Chenye kifungio, kijaribu kila asubuhi, mgongo kwenye ubao, vidole mbali na njia ya makali. Kikiwa kigumu, kitie tone la mafuta. Ugumu ule ndio ulinzi wako. Kisichokunjwa, tafuta chenye kizuizi kati ya mpini na makali, maana maji ya miwa yanatelezesha mkono, na ukimaliza kirudishe kwenye ala, usikiache juu ya meza watoto wakapita. Ukimpa mtu, tanguliza mpini. Muwa ukigoma, uache. Haraka haraka haina baraka, na abiria hatakuuguza.

Hicho chako usikitafute kwenye mfuko. Nilikijaribu ulipokuwa unaoga, kikajikunja kama karatasi, nikakitupa chooni. Nuna tu, nimezoea. Ukifika Mikumi pitia sokoni, nunua kingine, na kijaribu mbele ya muuzaji, hata akicheka.

Haya, nenda. Mungu akufungulie riziki, mwanangu, na mikono unayoondoka nayo ndiyo akurudishe nayo.