Mwanangu Anapasha na Pacha Wake Tuliyemzika

Kulwa wangu kachaguliwa timu ya mkoa jamani! Ndiye mrushaji, yule anayesimama katikati uwanja mzima unamtazama yeye! Haya, sasa ndiyo niwasalimie, hamjambo nyie wote? Admin nifichie jina langu, la binti liache tu, huku kwetu kila nyumba yenye mapacha ina Kulwa na Doto.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, nipo Mpanda, Kawajense, nauza mchele, shule niliishia la saba. Mchezo wenyewe unaitwa softiboli, mwalimu mmoja ndiye aliyewaletea shuleni. Kwa asiyeujua, ni kama rede, ule mchezo wetu wasichana wa kurushiana na kukwepa mpira, ila hii imekwenda sekondari. Mmoja anarusha mpira kwa kuzungusha mkono kwa chini, mpinzani anaupiga kwa rungu, na nyuma yake kachuchumaa mdakaji kavaa glavu. Kulwa akirusha mpira huuoni, unasikia tu PAA kwenye glavu. Sijisifu, waulizeni walimu wake. Mkono ule kaurithi kwangu, mimi kwenye rede mtaa mzima wa Majengo nilikokulia walikuwa wananikimbia.

Mdakaji wake alikuwa Doto. Kabla ya mechi walikuwa wanajitenga pembeni wanapasha misuli wao wawili, hawaongei, mpira unakwenda unarudi. Masika iliyopita Doto akashikwa na homa, tukamkimbiza hospitali, hakurudi. Sasa ukweni kwangu pacha haliliwi. Wanasema ukimlilia aliyeondoka, atageuka kumchukua mwenzake. Tulizika macho makavu. Mama mkwe alinishika mkono pale kaburini akaninong'oneza, "Meza, mwanangu. Meza hivyohivyo, umebakiwa na mmoja." Nikameza. Kulwa naye akameza.

Tangu hapo hapashi na mtu. Mwalimu kampangia wadakaji wengine wa kupasha nao, anawakataa wote. Anatafuta ukuta, wa darasa au wa nyumba yetu, anaiweka glavu ya Doto chini, anarudi nyuma, anarusha. Mpira unagonga ukuta unamrudia. Anatikisa kichwa kama kaambiwa neno, anarusha tena. Mara nyingine anacheka. Wenzake wanamwogopa, wanamwita Kulwa Wawili.

Wiki iliyopita nikasema mama ni mimi, nitamdakia mwenyewe. Nikajifunga khanga, nikavaa ile glavu, nikachuchumaa ukutani. Akanirushia kampira kalaini, ka kitoto.

"We Kulwa, unanionaje? Tupa! Mimi siyo bibi yako!"

Akasimama tu na mpira mkononi. "Nikitupa utaumia, mama."

"Mbona Doto ulikuwa unamtupia?"

"Bado namtupia. Doto siku hizi haumii." Halafu kwa upole, kama mtu anayemwomba mgeni apishe kwenye kiti, akasema, "Mama, sogea kidogo. Umemkalia."

Jamani, nilisogea. Mtu mzima na akili zangu nikanyanyuka, nikasogea. Mpira uliofuata sikuusikia ukigonga ukuta. Nilisikia PAA. Na glavu nilikuwa nimeivaa mimi. Kutazama chini, mpira umetulia palepale nilipokuwa nimechuchumaa.

Nilipomsimulia mama mkwe, akasema hao hawajaachana, lazima wafanyiwe mila ya kutenganishwa na glavu ikafukiwe kaburini. Kulwa kasikia, kasema mkiifukia sirushi tena maishani. Mwalimu naye anasema asiyepasha na wenzake hatamchezesha. Baba yao ukimuuliza anajibu, "Wazee wataamua," anawasha pikipiki anaondoka.

Mimi moyoni nataka kitu kimoja. Nataka nikae chini na mwanangu tumlilie Doto kwa sauti mpaka majirani waje kuuliza kuna nini. Nahisi ndicho anachokingoja mtoto huyu, amsikie mama yake analia ili naye apate ruhusa. Lakini kama maneno ya wazee ni kweli, si nitakuwa nimemwita mwenyewe aje amchukue huyu niliyebaki naye, tena na mkono ule?

Nishaurini kina mama wenzangu, hasa nyie mliozaa mapacha. Nilie na mwanangu, au niendelee kumeza na glavu niitoe ikafukiwe? Msikawie kunijibu, maana mama mkwe keshaita ukoo mzima, wa Inyonga na wa Mpimbwe, na wote wanafika Ijumaa.